Fundi wa Gia Laini

Kila aliyewahi kuvunja mashine Mwembesongo analijua jina lake, kwa hiyo sina haja ya kuliandika. Tulimwita Fundi, kana kwamba mji mzima wa Morogoro haukuwa na mwingine, ingawa jirani na mlango wake walikuwapo mafundi pikipiki, mafundi redio na wachomeleaji wa mageti. Yeye alikereza gia. Ukimletea kazi nyingine aliitazama kama mtu anayetazama kiporo kilichochacha, akasema, "Wapelekee wenye njaa."

Nilimjua kwa sababu ya winchi. Baba yetu alikuwa mchimba visima. Alipofariki, mama akiwa ameshatangulia, alituachia nyumba ya vyumba viwili, sururu, kamba na winchi ya mkono. Mimi ndiye mkubwa. Nyuma yangu alikuja Shabani, kisha Mwajuma, ambaye wakati ule nilikuwa bado nambeba mgongoni. Niliacha shule darasa la sita nikashika mpini wa winchi, kwanza na mtu aliyekuwa akichimba na baba, kisha na Shabani alipopata kifua cha kushuka mwenyewe. Mwanamke kuchimba visima ni jambo la kuchekwa, na nilichekwa. Lakini tulikula, na Mwajuma alisoma.

Winchi yenyewe si kitu cha ajabu. Ni fremu ya chuma inayosimama juu ya mdomo wa kisima, ina ngoma ya bomba inayozungushiwa kamba, gia kubwa upande wa ngoma na gia ndogo upande wa mpini. Ukizungusha mpini, gia ndogo inaisukuma kubwa na kamba inapanda. Kuna kipande cha chuma kinachodondokea kati ya meno ya gia ndogo kila inaposogea, tak, tak, tak, ili ukipumzisha mikono mzigo usirudi chini. Maana yake ni kwamba uzito wote, uwe ndoo ya udongo au mtu, unakaa kwenye meno ya gia ndogo. Kubwa ilitoka kiwandani na haikuwahi kutusumbua. Ndogo aliikereza Fundi, na Shabani ndiye aliyening'inia juu yake, hadi siku ilipomwacha.

Gia zake zilikuwa laini. Hilo lilimpa sifa na hilohilo lilimfanya achekwe. Wenzake wakishakata meno huipasha gia moto mpaka iwe nyekundu, wakaizamisha kwenye oili chafu ili ikomae. Jino lililokomazwa hivyo hukaa na umbo lake miaka. Fundi hakuikomaza gia yoyote ya kubeba mtu. Alitafuta chuma laini akakiacha kilivyo, na baada ya majuma kadhaa ya kazi meno yalianza kulalia upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Mpini ukawa mzito, winchi ikalalamika, na ikakubidi urudi kwake. Wachimbaji waliziita gia za nta.

"Fundi, hii umeikereza au umeikanda na maji ya moto?" mmoja alimuuliza mbele yangu.

"Nimeikanda," alijibu bila kuinua kichwa. "Ungetaka na nazi ungesema mapema."

Nilipokuwa bado msichana nilimuuliza kwa nini anakubali kuchekwa. Hakukasirika. Alichukua gia yetu iliyochoka, akaibana kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, akaniambia niinamishe kichwa nitazame meno kwa ubavu.

"Jino likibeba mzigo linainama," alisema. "Hata lililokomazwa linainama, ila jicho lako halioni. Mzigo ukitoka linarudi. Sasa, siku itafika halirudi lote, linabaki limeinama upana wa unywele. Kesho tena unywele. Hilo ni jino linalosema na wewe. Linakwambia, nimechoka, nitoe."

"Na lile gumu?"

"Lile halisemi. Linabeba, linabeba, linabeba, halafu halipo."

Kwa hiyo alikuwa na sheria, na sheria hiyo ilimfukuzia wateja wengi kuliko ulimi wake. Mwezi ukiandama, gia mezani. Kila mwenye gia ya Fundi inayobeba mtu alitakiwa kuirudisha mwezi mpya unapoonekana, ili Fundi akague meno. Usipoirudisha mwezi mmoja, mwezi wa pili hakupokei. Na hakutosheka kuikagua mezani. Alitaka winchi nzima, na alitaka mtu anayeshuka aje kwa miguu yake. Aliifunga winchi kwenye boriti nene ya karakana, akamkalisha mtu huyo kwenye kitanzi cha kamba, akampandisha mpaka nyayo ziwe juu ya sakafu kiasi cha shubiri, akamwacha hapo. Kisha yeye alipaka meno masizi yaliyochanganywa na oili, akazungusha mpini kidogo, akasogea na tochi kutazama masizi yamefutika wapi. Pale yalipofutika ndipo jino lilipokuwa linabeba. Yakifutika kwenye ncha peke yake, au pembeni, uso wake ulikuwa unabadilika.

Shabani alikuwa anapenda kuning'inizwa. Alikuja na karanga mfukoni, akakaa kwenye kitanzi anatafuna kama mtu aliye barazani kwake.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umenenepa."

"Dada ananilisha."

"Mwambie apunguze ugali. Gia yangu haijui kama ni mwezi wa sikukuu."

"Fundi, na mimi nikikaa hapa muda mrefu si nitainama?"

"Wewe ulishainama toka zamani. Nyamaza, unanitikisia mzigo."

Wapita njia walisimama mlangoni kuangalia kijana mzima aliyetundikwa kama mbuzi wa sikukuu, na mzee aliyeweka pua yake karibu kabisa na gia. Wapo waliopiga picha kwa simu. Fundi hakuwaona. Akiwa kwenye jino hakuona mtu.

Jirani yake mmoja, mtu wa mawaidha sana, alisimama siku moja akasikiliza maelezo yale ya kuinama na kurudi, akatikisa kichwa kwa huzuni tamu. "Ndivyo binadamu tulivyo, Fundi. Tunabeba, tunapinda." Fundi alizima mashine. "Binadamu umeshamfunga kwenye jiliwa ukampima?" Jirani akasema hapana. "Basi acha kumsingizia." Akawasha mashine.

Alikuwa Mluguru wa milimani. Mjini alikuja kijana na hakurudi kuishi huko, lakini akikasirika Kiswahili kilimtoka, akagombana kwa Kiluguru hata na Mchaga au Mhindi asiyeelewa neno. Ajabu ni kwamba akiongea hivyo watu walimwelewa zaidi. Aliswali, ila karibu kila mara alichelewa, akifika msikitini na vidole vyeusi ambavyo maji ya udhu hayakuvisafisha. Nilimwona akimfokea mtu mzima mpaka machozi yakamlengalenga kwa sababu alikuwa ameipigilia gia kwa nyundo ili iingie kwenye shafti. Jioni hiyohiyo nilimkuta amekaa chini anamtengenezea mtoto wa jirani gari la kopo, analiwekea magurudumu kwa uangalifu uleule.

Mambo yake mwenyewe aliyaacha yaharibike. Baiskeli yake ilikuwa na mnyororo unaoruka meno kila akikanyaga kwa nguvu. Alikwenda nayo hivyohivyo miaka na miaka, akiruka na kuapa. Paa la karakana lilikuwa limebonyea juu ya mashine ya kukereza, na mvua za masika zikishuka kutoka mlimani aliifunika mashine kwa turubai, yeye akalowa. Nilimwuliza mbona haezeki. "Paa likianguka litaniangukia mimi," alisema. "Mimi nimeshakubali."

Hakuipenda sifa. Mwajuma alipofaulu kwenda sekondari nilimpelekea kuku, nikamwambia kwamba gia yake ndiyo iliyomsomesha. Alimpokea kuku, akamtazama, akasema, "Huyu amekomazwa." Kisha akageuka, na kwa muda mrefu alijishughulisha na kitu ambacho hakikuhitaji kushughulikiwa.

Macho yalianza kumwacha taratibu, na yeye alilificha hilo kama watu wengine wanavyoficha ulevi. Kwanza niligundua kwamba ananitambua ninapomwamkia, si ninapoingia. Kisha nikamwona anamimina chai nje ya kikombe, akaifuta kwa kiganja haraka. Tochi ikabaki msumarini. Kwenye ukaguzi alikuwa sasa anapitisha kucha juu ya meno, jino kwa jino, ameinamisha kichwa pembeni kama anayesikiliza mtu chumba cha pili.

"Fundi, macho vipi?" nilimwuliza.

"Macho yapo. Yamechoka kutazama wajinga."

Shabani alicheka. Mimi pia nilicheka. Na kusema kweli kucha yake ilikuwa na uwezo: iliona kuinama ambako mimi mwenye macho yangu mawili sikukuona. Mara mbili tatu ilikataa gia ambayo ningeapa ni nzima, na tulipoiweka kwenye bapa la chuma tuliona kweli jino limelala.

Lakini kuna kitu ambacho kucha haioni, nacho ni chuma chenyewe.

Chuma alichokipenda Fundi kilikuwa shafti kuukuu za mitambo ya mkonge. Kutoka huku mpaka Ngerengere yalikuwapo mashamba yenye mitambo iliyokufa, na wauza chuma chakavu walimletea vipande vyake. Kila alichopokea alikigusisha kwenye jiwe la kusagia, akatazama cheche. Cheche za chuma laini ni ndefu na zimenyooka, za rangi ya machungwa. Za chuma kigumu ni nyeupe na zinapasukapasuka njiani. Alikuwa anaamua mara moja: hiki kaa, hiki ondoka. Kisha shafti za mkonge zilikwisha. Wauza chakavu wakaanza kuleta vipande vya ekseli za malori, ambazo zimekomazwa tangu kiwandani, na wao hawakuona tofauti. Chuma ni chuma. Fundi aliendelea kukigusisha kila kipande kwenye jiwe. Cheche ziliruka, akaziangalia, akasema hiki kaa.

Mashine ilijaribu kumwambia. Kisu cha kukatia kilikuwa kinakufa upesi, ikabidi akinoe mara kwa mara, na gia iliyokuwa inamchukua asubuhi moja ikawa inamchukua kutwa nzima. Alilaani visu. "Feki," alisema. "Siku hizi hata kisu wanakichora." Fundi mwingine yeyote Mwembesongo angekubaliana naye, kwa sababu ni kweli visu feki vimejaa madukani.

Hivyo ndivyo tulivyopata gia ambayo haikuinama.

Mwezi wa kwanza tulifurahi. Wa pili Shabani, akiwa kwenye kitanzi, alisema, "Fundi, naona umeamua kutupunguzia safari." Fundi alipitisha kucha, jino kwa jino, mpaka mwisho, na alitabasamu, jambo ambalo hakulifanya ovyo. Mwezi uliofuata nilimwuliza.

"Mbona hii hailali, Fundi? Zote zilikuwa zinalala."

"Mzigo umepungua? Shabani amekonda?"

"Hajakonda."

Alifikiri. Niliona kwamba anafikiri, si anatafuta jibu la kunifunga mdomo. Alipitisha kucha tena mara ya pili. Meno yote yalikuwa wima kama siku yalipokatwa.

"Basi ni mimi," alisema. "Nimeiva uzeeni." Na sauti yake ilikuwa na haya kidogo, kama ya mtu aliyepewa zawadi mbele za watu.

Tulikuwa tunachimba upande wa Bigwa, chini ya mlima. Ilikuwa asubuhi, ardhi ya chini ilishaanza kutoa unyevu, na Shabani alikuwa anapanda kuja kunywa uji. Nilishaona nywele zake. Hapakuwa na mlio mkubwa. Ulikuwa mdogo, kama wa kuni kavu, na mpini ukawa mwepesi mikononi mwangu. Niliendelea kuuzungusha, ukazunguka bure, na ngoma ilikuwa inakwenda kinyume kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona.

Hakufa papo hapo. Aliniita, nikamjibu, na tulizungumza mpaka watu walipoleta kamba nyingine na mtu wa kushuka. Tuliyozungumza ni yangu. Alifariki kabla hatujafika hospitali.

Niliivua gia mwenyewe kesho yake, kabla ya mazishi. Jino moja lilikatika kwenye shina, na lililofuata likakatika kwa sababu lilibaki peke yake. Mengine yote yalikuwa wima.

Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno, na mjomba wetu alishuka kutoka milimani akasimamia msiba. Fundi alikuja siku ya mazishi, amefuata ukuta kwa mkono, akakaa na wanaume. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, sikusikia walichoambiana. Baadaye nilisikia tu kwamba alilia sana. Sikurudi tena kwenye visima. Nilianza kuchukua mboga za watu wa mlimani, kabichi, karoti na njegere, nikaziuza sokoni. Winchi niliilaza uani.

Hapo sokoni ndipo aliponijia mchimbaji mmoja wa Kingolwira ambaye wote tulimwita Kipara. Alinipa pole, kisha kwa kutaka kuniliwaza akaanza kuzungumza habari za kazi.

"Mimi sasa hivi nafanya kazi kwa raha, dada. Fundi alinipa gia mpya baada ya ule msiba wenu. Toka Ramadhani mpaka leo haijalala hata jino moja."

Nilimwuliza kama anajua jino letu lilivyokatika. Alinitazama kwa mshangao.

"Jino? Si tuliambiwa kamba?"

Nilifunga meza nikaenda kwa mjomba, ambaye alikuwa amekuja mjini kwa shughuli zake. Nilimwamkia, nikamwuliza nani alisema kamba.

"Mimi," alisema. "Yule ni mzee, mama. Amekaa mbele yangu anatetemeka, ananiuliza, ni gia? Ni gia? Ningemwambia nini? Tungezika wawili. Nikamwambia kamba ilikuwa imeoza. Na wote waliokuwapo wakaitikia."

"Mjomba, bado anakereza."

"Akereze nini haoni?"

"Ndiyo ninachokuambia."

Akasema jambo limeshatamkwa msibani, na mimi si wa kulitangua. Kwamba kama ni lazima, yeye angemtafutia mtu wa makamo yake ambaye angeyazungusha maneno kwa hekima, pengine Ijumaa. Nilimjibu kwamba Kipara anashusha mtu kisimani leo. Sijawahi kumgeuzia mjomba mgongo kabla ya siku ile. Nilipita nyumbani, nikaichukua gia, nikaifunga kwenye kanga.

Fundi alikuwa amekaa nje ya karakana kwenye kigogo, mashine imezimwa, anaota jua. Nyama za uso zilikuwa zimemwisha.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, dada mkubwa." Ndivyo alivyoniita tangu nilipokuwa msichana. "Umekuja. Nilidhani umeniogopa."

Nilifungua kanga nikamwekea gia mikononi. Aliijua kabla kucha haijafika popote, kwa uzito wake nadhani. Alianza kupitisha kucha, jino, jino, jino, na ilipofika kwenye pengo ilidumbukia.

"Hii ni ya kwenu."

"Ndiyo."

"Iliangukia jiwe?"

"Hapana, Fundi."

"Mjomba wako alisema kamba."

"Kamba iko nyumbani, nzima. Mwajuma anaanikia nguo."

Aliiweka gia magotini. Pikipiki zilipita, mtu alimwamkia, hakuitikia. Kisha akaichukua tena, akarudi kwenye shina la jino lililokatika, akaligusa kwa ncha ya kidole, halafu yaliyo kushoto kwake, halafu ya kulia.

"Halikuinama," alisema.

"Halikuinama."

"Na haya nayo wima."

"Yote."

"Chuma gani hiki?"

"Ekseli, Fundi. Siku hizi wote wanaleta ekseli."

"Nilikiweka kwenye jiwe." Alilisema kwa ukali, karibu kwa hasira ya zamani. "Kila kipande nilikiweka kwenye jiwe."

"Uliona nini?"

Nilimwona anatafuta, na nilijua kwamba angeweza kunijibu kwa matusi, au kwa utani, kama alivyowajibu watu maisha yake yote.

"Niliona mwanga," alisema.

Sikumwambia si kitu, kwa sababu ni kitu. Nilikaa naye. Baada ya muda akaanza kuhesabu kwa vidole, akinong'ona. Alikuwa anawataja wenye gia zake tangu macho yalipoondoka. Huyu wa mashine ya kukamua miwa, huyu wa mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, huyu mwingine wa miwa. Hizo zikikatika zitasimamisha kazi tu, alisema, nitawapelekea habari. Alipofika kwa Kipara aliacha kuhesabu.

"Yule anashusha shemeji yake," alisema, na alikuwa ameshasimama, anapapasa hewani akitafuta bega langu.

Tulikodi bajaji mpaka Kingolwira, tukashuka barabarani tukatembea kwa njia ya mashambani. Alinishika bega kwa mkono mzito, akajikwaa, akakataa kupumzika. Kipara alituona kwa mbali. Alikuwa kwenye mpini, ndoo za udongo zimejipanga kando.

"Leo makubwa," alisema akicheka, akaigonga gia kwa kidole. "Fundi umekuja kumtembelea mwanao? Yuko salama, wima kabisa."

"Nani yuko chini?"

"Shemeji."

"Kuna kamba nyingine hapa?"

"Ya nini? Kamba ni hii moja, Fundi. Kuna nini?"

Nilimwonyesha gia yetu. Aliitazama, akalitazama pengo, akanitazama mimi, na mikono yake ikaachia mpini kama umemchoma. Kile kipande cha chuma kilikuwa kimeshikilia. Chini tulisikia sururu inagonga.

Hapakuwa na mti wa kufungia kitu, ni shamba lililofyekwa, na nyumba ya karibu ilikuwa mbali. Kipara alitaka kukimbia kwenda kutafuta kamba, Fundi akamzuia: chini kulikuwa kumeshaanza kutoa maji, na kuta hazikuwa za kusubiri. Alimwambia aite shemeji yake ajifunge kitanzi, aache ndoo, aache sururu, aache hata viatu, asiulize. Kisha akamwambia ashike kamba yenyewe kwa mikono miwili pale inapoingia kisimani, akanyage imara, aivute sambamba na winchi. "Ikikuponyoka ujue umemwachia wewe."

"Na mpini?" Kipara aliuliza.

Fundi aligeuza uso upande wangu. Hakuniambia. Nilivua ndala, nikaenda nikashika mpini.

Alipiga magoti kando ya gia, akaweka sikio karibu nayo. Niliendesha. Uzito ulipopanda kwenye meno niliuhisi mpaka kwenye mabega, uleule, na mikono yangu ilitaka kusimama. "Usisimame," alisema. "Polepole, lakini usisimame." Tak. Tak. Kipara alikuwa anavuta na kamba inampitia viganjani, anataja jina la Mungu chini chini. Fundi alikuwa amefumba macho ambayo hayakuwa na kazi tena, na kwa kila tak kope zake zilicheza. Nilitazama jino moja baada ya jingine likiingia, likibeba, likitoka. Yote yalikuwa mazuri. Hakuna hata moja ambalo ungelitilia shaka.

Nywele zilitokea, zimejaa udongo. Hapo ndipo nilipotaka kufumba macho na sikufumba. Mabega. Kipara aliachia kamba mkono mmoja, akamdaka kwapani, akamvuta juu ya ukingo, wakaanguka wote wawili kwenye udongo mbichi.

Shemeji aliinuka kwa magoti, mweusi kwa tope, ana hasira. Alimtazama Kipara ambaye alikuwa hawezi kusema, akanitazama mimi niliyekuwa bado nimeng'ang'ania mpini.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

Fundi alipapasa mpaka akampata begani.

"Mdogo wake huyu," alisema. "Gia yangu ndiyo iliyomwua."

Kisha akaomba spana, aivue.